Unyevu Hauanzii Katikati

Wodi ya juu, chumba cha tatu
3 Machi

Baba,

Shikamoo.

Barua huanza kwa kusema mwandishi ni mzima wa afya na anamwombea msomaji awe vivyo hivyo. Mimi nitachukua nusu ya pili tu: nakuombea uwe mzima. Nusu ya kwanza tuiache kwanza, maana ingekuwa kweli nisingekuwa huku.

Simu zetu zimefungiwa kabatini na ufunguo nesi mkuu anautembeza shingoni. Anasema simu hutuletea dunia nzima kabla hatujapona hata kidole. Kwa hiyo ni kalamu na karatasi mpaka tutoke. Karatasi yenyewe imekatwa vibaya, ukingo wa kulia umekwenda upande kama milimita mbili. Nimeona mara tu nilipoishika. Ukikutana na msimamizi wangu wa kiwanda cha uchapaji mwambie mkata karatasi wake bado ana macho, vingine ndivyo vinavyotafutwa.

Chumba kina vitanda vinne na dirisha linalotazama ua wa jikoni, wanakoanika matambara ya kudekia. Ninalala. Ninakula nusu sahani. Siku uliyonileta ulimwambia nesi kwamba nimechoka tu, na mimi nikanyamaza kwa sababu sikuwa na neno lingine. Bado sina. Wiki tatu nimelala nimegeukia ukuta nyumbani kwako, ukiniwekea chai mlangoni asubuhi na kuiondoa jioni ikiwa imepoa, na mpaka leo hatujaambiana hata sentensi moja juu yake.

Ila kuna jambo. Jumanne na Ijumaa tunashuka kwenye chumba kilichokuwa cha kufulia. Masinki ya saruji bado yapo, siku hizi tunaoshea brashi. Kuna mama mmoja mstaafu anayetusimamia, wote tunamwita Mama Rangi. Hatuambii tuchore nyumba wala ua. Siku ya kwanza aliniambia, "Usinichoree kitu. Nichoree ilivyokuwa." Rangi zenyewe utazicheka: ni mabaki ya makopo, rangi za mafuta za milango, zile zile unazopakia nyumba za watu.

Nimechora. Nimetumia kitambaa kizito kilichopigiliwa kwenye fremu, na nimekutumia kwa posta. Yale nisiyoweza kukwambia yako humo. Tafadhali kiweke mahali utakapokiona kila siku.

Na ombi moja. Tarehe 17 Aprili, saa nne asubuhi, daktari atakaa na mimi na mtu wa nyumbani. Mtu huyo anatakiwa asikie kilichotokea, akubali kwamba ni ugonjwa, na awe tayari kuishi na mimi hivyo. Asipokuja mtu, nitapelekwa kwenye nyumba ya mpito, na huko watu hukaa hata mwaka. Nataka uwe wewe.

Binti yako,
Kiroboto (japo siku hizi siruki)

*

Nyumbani
12 Machi

Kiroboto,

Marahaba.

Barua nimeipata. Nimefurahi kwamba unakula. Nusu sahani si haba, kesho itakuwa robo tatu.

Picha imefika Jumatano. Pole mwanangu, imefika imeharibika. Hawa watu wa posta sijui waliiweka wapi, imeingia unyevu. Doa kubwa jeusi lilikuwa limeanzia katikati likatambaa karibu mpaka pembeni, na juu yake vidoa vya njano kama maji ya bati lenye kutu. Sikutaka kukuvunja moyo, nikaona nitengeneze mwenyewe, maana kazi hiyo naijua. Nimepiga msasa, nikapaka nyeupe mara mbili. Sasa ni nyeupe pe, hata dobi ataionea wivu. Nimeisimamisha sebuleni kando ya redio. Ukirudi utachora kitu kizuri, hata ua, uanze upya.

Kazi ipo. Tunapaka ngazi za jengo la ghorofa tano, na mwenye jengo anataka kijivu ambacho si kijivu. Nimemchanganyia mara nne. Mara ya tano nimempelekea ile ya kwanza, akasema naam, hii ndiyo yenyewe.

Majirani wanakuulizia. Nimewaambia uko kozini. Ni bora hivyo, watu midomo yao haina kifuniko.

Kuhusu tarehe 17, nitakuwa na haya mambo ya ngazi. Shangazi yako anaweza kuja, yeye anajua kuongea na madaktari. Wewe lala, kula, usifikirie sana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe umezibwa mapema. Mshukuru Mungu.

Ni mimi,
Baba yako

*

Wodi ya juu, chumba cha tatu
20 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo.

Kabla hujasoma kaa kitako, na kama una kikombe mkononi kiweke chini, maana utacheka.

Nilimtumia Baba picha niliyochora huku. Ameipaka rangi nyeupe. Mara mbili! Amedhani ni unyevu. Nilipoisoma barua yake nilicheka mpaka dada wa kitanda cha jirani akaamka akataka aambiwe, nikamwambia, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikanikatikia njiani, nikalia, na nesi akaja kukaa nami mpaka saa ya dawa.

Nikueleze ilikuwa nini, maana hakuna mwingine wa kumweleza. Ule weusi ulinichukua siku tatu za kazi. Weusi wa kwenye kopo haukufaa, ulikuwa wa kiatu kilichopigwa kiwi, unang'aa, mtu angeweza kujitazama. Wangu haukung'aa. Nilitia bluu ya milango, nikatia kahawia, nikaomba majivu jikoni nikatia kidogo kidogo. Mama Rangi akasogea akautazama muda mrefu, akaniuliza, "Na humo ulikaaje?" Nikamjibu. Shangazi, nilimjibu! Nilimwambia kwamba humo hakuna saa, kwamba mkono wako unauona uko pale kwenye shuka lakini huoni sababu ya kuuinua, na kwamba asubuhi moja nilitamani nisiamke tena. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu. Lilitoka kwa sababu lilikuwa tayari liko pale kitambaani na yeye alikuwa ameshaliona.

Sasa vile vidoa vya njano. Unajua Baba akirudi jioni huosha brashi zake uani, chini ya dirisha langu, kisha huzigonga kwenye mdomo wa kopo. Ko, ko, ko. Wiki tatu nzima sauti nyingine zote zilikuwa zinapita juu yangu tu, redio, majirani, hata yeye akiniita mlangoni. Ile ndiyo pekee iliyokuwa inaingia. Nilikuwa naisubiri. Nilikuwa najiambia, leo tena kagonga, basi leo tena ipo. Siku ile nilipoinuka nikamwambia anipeleke hospitali, ilikuwa amemaliza kugonga sasa hivi, hata mikono hajafuta.

Kila kidoa cha njano ni pigo moja. Kwa hiyo amejipaka mwenyewe rangi, na hajui.

Usimwambie. Nakuomba kwa jina la marehemu Mama. Na akikuuliza juu ya tarehe 17, mwambie asihangaike, aende kwenye ngazi zake. Mtu aliyetazama kitu kile akaona uchafu, nikimweka mbele ya daktari ataona nini?

Tangu barua yake ifike sijashika brashi. Mama Rangi ananiwekea kitambaa kipya, namrudishia kilivyo. Juzi sikushuka kabisa. Daktari ameandika kitu kwenye faili lake, na sahani nayo imerudi kuwa robo.

Mwanao,
Kiroboto

*

Kwangu
27 Machi

Binti ya kaka yangu,

Marahaba, tena marahaba.

Umeniambia nisimwambie, nami sikumwambia. Nilikwenda kumsalimu Jumapili, nikaisahau barua yako mezani kwake, ikiwa imefunguliwa, na miwani yake juu yake. Uzee una faida zake. Kama utakasirika, kasirika na kichwa changu, kinasahau sana siku hizi.

Kwanza nikupe ya mtaani. Jirani yenu wa mkono wa kushoto amenishika langoni akiniuliza, kozi yenyewe ni ya nini? Nikamwambia ya uvumilivu. Akasema hebu waulize kama bado kuna nafasi, ana mume wa kuandikisha. Sasa mtaa mzima unasubiri cheti chako, sijui tutakichapisha wapi. Au wewe mwenye kiwanda utusaidie.

Haya, sasa ya kweli. Baba yako aliisoma amesimama. Alipofika mwisho akaanza tena juu. Akaichukua ile picha kando ya redio, akaingia nayo stoo, akafunga mlango. Mimi nikaosha vyombo vyake vyote. Nilipomaliza nikaanza kuosha vilivyokuwa safi. Alipotoka akaniuliza swali moja tu, kama kuna maji ya moto.

Na brashi hagongi tena. Anaziosha kimya kimya, utadhani kaziiba.

Mwanangu, una haki ya kuumia. Hata mimi ningeumia, na mimi si mtu wa picha, kwangu kalenda inatosha. Lakini usiseme aliona uchafu. Kaka yangu namjua tangu akiwa na makamasi. Yeye haogopi uchafu.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka minane, mwaka aliofariki mama yako? Ulikaa kwangu miezi mitano. Tulikwambia Baba amepata kazi ya mbali. Ukaniuliza mbona kazi ya mbali haina barua, nami nikakupa andazi ili unyamaze. Niliapishwa nisiseme, na mwenye kuniapisha bado yu hai, kwa hiyo sisemi. Nakukumbusha tu kwamba swali lako halijajibiwa mpaka leo. Muulize mwenye nalo.

Na hiyo sahani uimalize. Robo ni ya ndege.

Shangazi yako

*

Wodi ya juu, chumba cha tatu
2 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Najua umeisoma barua ambayo haikuwa yako. Sitaomba radhi kwa yaliyomo.

Nina swali moja. Mwaka ule nilipokaa kwa Shangazi, ile kazi ya mbali ilikuwa wapi?

Kikao ni tarehe 17, saa nne. Daktari ameniuliza nani anakuja nikamwambia sijui. Akasema kama hakuna mtu, nyumba ya mpito wameniwekea kitanda. Nimemwambia nitakubali. Heri nikae na wageni wanaojua ninaumwa nini kuliko nikae na wewe niwe mtu aliyerudi kutoka kozini.

Binti yako

*

Nyumbani
9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Hii ni mara ya sita naanza barua hii. Zile tano nimewashia jiko.

Nilijua si unyevu.

Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja. Unyevu huja kutoka chini, au kwenye kona, au pale bati lilipotoboka. Huingia kutoka nje. Unyevu hauanzii katikati. Nilipoifungua ile picha mezani, kabla hata sijavaa miwani, nilijua ninaangalia nini, kwa sababu nimewahi kukaa humo ndani.

Hakukuwa na kazi ya mbali. Ilikuwa mitaa sita tu kutoka kwa shangazi yako. Mama yako alikuwa ametimiza miezi miwili kaburini. Nilikuwa napaka ukuta wa nje, ghorofa ya tatu, nikateremka ngazi kufuata mkanda wa karatasi wa kuzibia kingo, nikashindwa kupanda tena. Si kwamba niliogopa kimo. Nilishika ile ngazi nikaona haina mwisho. Nikaacha kopo wazi, rangi ikakauka humo humo. Kulikuwa na jengo halijamalizika, mwenyewe alikuwa rafiki yangu, nikamwambia nitamlindia. Nililala kwenye chumba kisicho na lipu nimegeukia matofali. Watu wakiuliza, niko kazi ya mbali. Shangazi yako alinitafuta mpaka akanipata. Hakuniuliza lolote. Alikaa na mimi kila siku kwenye mfuko wa saruji, akifuma. Siku moja, nikiwa humo mwezi wa tano, nikamwambia aniletee brashi. Nikarudi kazini, nikakuchukua, na nikamwapisha.

Sikwenda kwa daktari. Sikumwambia mtu. Nilipaka juu, mwanangu, nikaendelea kupaka juu kila mwaka. Wenye nyumba nikiwaambia wazibe nyufa kwanza wanasema paka tu, Fundi, haitaonekana. Nawacheka. Kumbe mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo ulipolala zile wiki tatu umegeukia ukuta, nilikuwa nakuona kila nilipoleta chai pale mlangoni. Nilijiambia, nimempa macho yangu, nimempa vidole vyangu, na hiki nacho nimempa. Nilipoiona picha nikaona kosa langu limetiwa fremu. Ndiyo sababu nilipaka. Nilikuwa najificha mimi. Nisamehe. Sina neno lililonyooka zaidi ya hilo.

Sasa sikiliza habari ya fundi mbovu. Nilikuandikia nimepiga msasa. Uongo. Niliushika msasa, nikauweka pale juu ya vile vidoa vya njano, mkono ukakataa. Sikujua ni nini, ila ulikataa. Nikapaka nyeupe hivyo hivyo, rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, bila msasa. Hata kibarua wa wiki ya kwanza anajua kwamba hiyo haishiki. Ningemkuta mtu wangu kafanya kazi hiyo ningemrudisha nyumbani. Safari hii imeniokoa. Jioni nne, maji ya moto, sponji na ukucha, nyeupe imetoka. Haijatoka yote. Imebaki kwenye nyuzi za kitambaa, nyembamba. Nimeiacha kwa sababu ningeing'ang'ania ingeondoka na njano. Njano zako zote zipo. Nimezihesabu, ni arobaini na tatu.

Kuna kitu nataka ukione. Upande wa ndani wa mlango wa stoo, wewe hujawahi kuutazama, maana mchana huwa wazi umegeukia ukuta na utotoni nilikukataza kuingia kwa ajili ya tina, ile ya kuyeyushia rangi. Hapo ndipo napangusia brashi nikimaliza kila kazi, kabla sijaziosha. Naanzia juu kushoto, kila nyumba sehemu yake, nikifika ukingoni nashuka mstari. Miaka thelathini na moja ya rangi za watu. Bluu ya ile shule. Pinki ya bibi harusi aliyeghairi. Na karibu na katikati pana sehemu tupu, upana wa kiganja, ubao mtupu. Nilipotoka kwenye lile jengo sikuweza kuanzia pale nilipoishia. Niliruka. Kila nikifunga ule mlango napaona.

Umesema utakubali kitanda cha wageni. Sikulaumu. Lakini tarehe 17 nitakuja. Mwenye jengo nimeshamwambia asinitarajie. Naogopa kile chumba cha daktari kuliko ngazi yoyote niliyowahi kupanda, na sijui kuongea. Kama nitashindwa kuongea, nitafanya kama wewe, nitakuja na kitu cha kuonyesha.

Baba yako

*

Nyumbani
19 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Mwambie asiwe na haraka ya kukua, huku juu hakuna cha maana.

Najua umeondoka kwenda kumwona ukiwa roho juu, kwa hiyo nakupa mwisho kwanza: niko nyumbani, nakuandikia mezani kwa Baba. Sasa nikupe mwanzo.

Saa nne ilifika bila yeye. Saa nne na robo, bila yeye. Daktari akatazama saa kwa adabu, nami nikasema tuendelee, naomba karatasi ya nyumba ya mpito nitie sahihi. Nilikuwa nimeshaishika kalamu. Nesi mkuu akaingia, ule ufunguo ukimrukaruka kifuani, akasema, "Daktari, kuna mzee langoni anabishana na mlinzi. Anataka kuingia na mlango."

Shangazi, kaka yako aliung'oa mlango wa stoo! Aliufungua bawaba asubuhi, akaupakia kwenye gari la mchanga la rafiki yake, na kumbe tangu saa tatu yuko langoni. Mlinzi anamwambia, "Mzee, ukaguzi ni wa mifuko, milango haimo kwenye orodha." Yeye anajibu, "Basi andika." Tulishuka sote. Nilimkuta kaushika mlango wima mbele yake, nyuma yake zinaonekana kofia na vidole tu. Nikaushika upande wa pili. Tuliupandisha ngazi pamoja, yeye juu mimi chini, na njia nzima ananiambia, "Pinda kushoto, chunga kona, taratibu." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza kwa miezi miwili.

Tukauegemeza ukutani ofisini. Daktari akamwuliza, "Mzee, unaelewa binti yako alikuwa anaumwa nini?" Baba akaenda kwenye mlango, akaweka kiganja chake pale palipo patupu. Kikaenea sawasawa. Akasema, "Alikuwa hapa. Mimi nilikuwa hapa kabla yake. Tofauti yetu ni kwamba yeye alisema." Akaanza kulia, amesimama, kiganja hakukitoa. Nami nililia. Daktari akajifanya anatafuta kalamu yake.

Alikaa saa mbili. Aliulizwa maswali yake mwenyewe, sio yangu tu, na ameandikiwa siku ya kurudi, kwa ajili yake yeye. Kaikunja ile kadi akaitia kwenye mfuko wa shati, na jana mara tatu nimemwona akiipapasa kama anahakikisha haijaanguka.

Mama Rangi alikuja kutuaga akakuta mlango. Alisimama mbele yake mpaka chai yake ikapoa. Akauliza nani kachora. Baba akasema hakuna aliyechora, amepangusa tu. Mama Rangi akasema, "Hivyo hivyo."

Picha yangu nayo ipo kando ya redio. Ile nyeupe iliyobaki nyuzini imeutuliza weusi kidogo, kama alfajiri ikiwa bado. Sijui nisemeje, ni nzuri kuliko nilivyoituma. Nimemwambia asiiguse tena, akasema hata vumbi atalipuliza kwa mdomo.

Nimemwuliza kama nijaze ile sehemu tupu ya mlangoni. Amesema hapana, pale paachwe. Akanionyesha mahali mstari wake wa mwisho ulipoishia, kile kijivu ambacho si kijivu, akasema baada ya hapo ni petu sote wawili.

Sijapona, Shangazi. Dawa nameza, na kuna asubuhi ambazo nainuka kitandani kwa amri tu. Tumekubaliana jambo moja. Siku nikiwa kule ndani na maneno hayatoki, sitakiwi kueleza. Nigonge ukuta mara moja. Atajua.

Na jirani wa kushoto alikuwa langoni tuliposhuka garini na mlango wetu. Unajua alichouliza. Baba akajibu, "Kozi nzuri." Siwezi kumdai yote kwa siku moja, ila iliniuma, na nadhani ilimuuma pia, kwa sababu wakati wa kula hakunitazama.

Mwanao,
Kiroboto

*

[karatasi iliyopitishwa chini ya mlango wa chumba]

11 Juni, saa mbili asubuhi

Kiroboto,

Umegonga mara moja. Nimesikia.

Usiinuke kunijibu. Kiwandani nimempigia msimamizi wako, anasema mashine ya kukata haitatoroka. Mimi nilikuwa natakiwa kwa yule mwenye jengo, leo ni rangi ya milango. Amenipigia mwenyewe, mbona sijafika, kuna nini? Nilikuwa nimesimama uani na jirani wa kushoto alikuwa anaanika nguo, masikio yake yako kwenye kamba pamoja na shuka.

Nikasema, "Binti yangu anaumwa. Ni ugonjwa wa huzuni, alilazwa kwa ajili yake mwezi wa pili. Hakuwa kozini. Mimi nami niliwahi kuumwa. Leo nakaa naye."

Jirani aliangusha kibanio. Kisha akaniuliza kama una hamu ya uji.

Chai iko hapa mlangoni. Ikipoa nitaleta nyingine, na hiyo ikipoa nitaleta nyingine, sukari ipo. Sitakuja kuongea. Niko chini ya dirisha lako, nina brashi za jana ambazo tayari ni safi.

Nitazigonga hivyo hivyo.

Baba